Kofia Hazivuliwi

Jumamosi, 4 Novemba 1978

Mimi, Krijn van der Zwet, ndiye mwenye vidole bora kuliko vyote kati ya Haarlem na Leiden, na nasema hivyo kwa kuwahurumia watu, maana ningeweza kusema Uholanzi nzima. Nikigusa kitunguu cha maua kilichokufa, kinaamka na kuuliza kahawa iko wapi. Shule ya bustani ilinifukuza mwaka juzi kwa sababu walimu waliona haya kufundisha mbele yangu. Shangazi Riet anadai ni kwa sababu nilimmwagia mwalimu wa hesabu ndoo ya maji ya mbolea. Yote mawili ni kweli. Daftari hili la shule yao lilibaki na kurasa nyingi tupu, basi nimeamua lipate kitu cha maana cha kubeba.

Leo nimeweka vitunguu saba vya hayasinti, yale maua ya harufu kali, kwenye gilasi za Bibi. Ni zile gilasi zenye shingo nyembamba na mdomo mpana. Kitunguu kinakaa mdomoni kama yai kwenye kikombe chake, maji yako chini, na katikati unaacha nafasi ya upana wa kidole. Maji yakikigusa, kinaoza. Zote zimeingia kabati la chini ya ngazi, gizani, kwenye baridi, na humo zitakaa hadi mwisho wa Januari. Kisha zitatoka kwenda dirishani, kila moja imevaa kofia ya karatasi iliyochongoka, na kofia huvuliwa pale ua lenyewe linapoisukuma juu. Mtaa wetu wote hufanya hivi. Dirisha lisilo na kofia mwezi wa Februari, watu hupita wakiuliza nani amekufa.

Nimejikuna shingo mpaka nimekuwa mwekundu. Vumbi la hayasinti linawasha kama upupu.

Kazi hii ni ya Bibi Neeltje, mama wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Mwaka huu hayupo. Jumamosi iliyopita aliteleza kwenye ngazi zetu, nyonga ikavunjika. Walipokuwa wanamtoa kwa machela alinikamata mkono wa koti pale mlangoni.

“Weka gilasi,” akasema. “Kofia nitakuja kuzivua mwenyewe. Wewe usiziguse, bwana mdogo. Una papara kama kuku.”

Basi mambo ni rahisi. Mimi nimeweka, yeye atavua. Daktari hakuulizwa.

Jumapili, 5 Novemba

Mvua. Kabati liko salama.

Alhamisi, 9 Novemba

Shangazi Riet kaja, kakaa bila kuvua koti. Shangazi asipovua koti ujue kaleta hukumu. Bibi wamemhamishia nyumba ya wazee ng'ambo ya mfereji, afanye mazoezi huko. Akiweza kupanda ngazi atarudi. Asipoweza, mwisho wa Februari nyumba yetu inarudi kwa chama cha nyumba kinachotupangisha, maana mkataba ni wake na mimi nina miaka kumi na saba. Ngazi zetu, kwa wasiozijua, zimesimama wima kama ngazi ya mchuma matofaa. Mimi nitahamia darini kwa Shangazi, nilale kati ya cherehani na masanduku ya mapambo ya Krismasi.

Nikamwambia Februari tutakuwa tunavua kofia, hatutakuwa na nafasi ya kuhama. Akasema yeye hachezi. Nikasema hata hayasinti hazichezi.

Jumapili, 12 Novemba

Leo sikwenda popote. Baridi.

Jumanne, 14 Novemba

Lobke wa nyumba ya mkabala anagawa uji na kahawa kwenye ile nyumba ya wazee. Kanisimamisha nikitoka kazini kwenye ghala la vitunguu vya maua, mimi na harufu yangu ya maganda, kaniuliza mbona siendi kumwona Bibi.

Nilimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu wa uji. Mtu hutembelewa pale anapoishi. Bibi haishi pale, anaishi hapa. Siku nitakayokwenda na machungwa na kukaa kwenye kile kiti cha wageni, nitakuwa nimekubali kwamba pale ni kwake. Watakuwa wameshinda. Sikubali, kwa hiyo siendi. Na simu haifai, Bibi kwenye simu hasikii, anapiga kelele tu.

“Profesa,” Lobke akasema, “ipo siku utajifungia nje na hizo akili zako.”

“Malkia wa Uji,” nikamjibu, “nenda kakoroge.”

Jumamosi, 25 Novemba

Mizizi imetoka. Myeupe, mirefu, imejaa gilasi kama ndevu za padri. Lobke kasema Bibi kaniulizia. Nimemtuma aseme mizizi imefika chini.

Jumanne, 5 Desemba

Sikukuu ya Sinterklaas, yule askofu mzee wa zawadi, kwa Shangazi. Nimepata herufi K ya chokoleti na, kama ilivyo desturi, shairi la kunisema, ambalo lazima ulisome mwenyewe kwa sauti mbele ya watu wakila. Sinterklaas wa mwaka huu ana mwandiko wa Shangazi Riet. Ameandika kwamba kuna kijana anayelala na vitunguu chini ya ngazi na kuviimbia, ila kwa ndugu zake wa damu hana hata neno. Watu wamecheka. Nimelisoma mara mbili, la pili kwa sauti ya askofu, wakacheka zaidi. Kisha nimekula K yote palepale, asipate nafasi ya kuninyang'anya.

Hilo la kuimba si kweli. Napiga mluzi tu.

Jumamosi, 9 Desemba

Vita.

Nimerudi kazini, nikafungua kabati, pua ikaniambia kabla ya macho. Kreti zima la matofaa ya kupikia, yale makubwa yenye ngozi ngumu, limekaa kifuani kwa hayasinti zangu. Hata mtoto wa hapa anajua kwamba matofaa na vitunguu vya maua havilali chumba kimoja. Tofaa likiiva linatoa hewa yake, na ile hewa inaua ua likiwa bado tumboni mwa kitunguu. Unangoja hadi Februari, unavua kofia, unakuta majani yamekumbatia kitu kilichokauka kama mjusi.

Nililibeba kreti hadi kizingitini kwa Shangazi Riet, mtaa unaona, nikalitua kwa kishindo. Nikamwambia kama anataka kumzuia Bibi asirudi, aje na shoka, asije na matofaa. Alikuwa na unga mikononi. Alisema hakuwa na nafasi kwake, na kwetu chini ya ngazi kuna baridi, hakufikiri.

“Umezaliwa kwenye maua, Shangazi,” nikasema. “Usiniambie hukufikiri.”

Alinitazama kama anayetaka kusema jambo, akachagua kubeba kreti. Alikuwa na macho mekundu. Vitunguu, nilidhani, vile vya supu.

Nimeacha mlango wa kabati wazi mpaka baridi imeingia kwenye mifupa. Hewa ile itoke.

Jumapili, 17 Desemba

Ukungu. Chipukizi zimefika urefu wa kidole gumba, zote saba. Lobke kasema Bibi kaniulizia tena. Nimesema, mwambie kidole gumba.

“Kidole gumba cha nani?” akauliza. Msichana huyu hana adabu.

Jumatatu, 25 Desemba

Nimekula kwa Shangazi sungura na plamu. Yeye kaondoka mapema, kasema ana pa kwenda. Sikuuliza.

Jumatatu, 1 Januari 1979

Jana asubuhi ilikuwa mvua, mchana mvua imekuwa barafu, jioni theluji inakwenda mlalo. Haijawahi kutokea. Bomba la jikoni limeganda. Mfereji umefungwa, wanaume wazima wanatembea juu yake wakigonga visigino kama wanunuzi wa ng'ombe.

Nilipofungua kabati, kwenye gilasi palikuwa na ngozi ya barafu. Moja imepasuka, kitunguu kimelala sakafuni na ndevu zake ngumu. Basi nikatoa kila kitu cha sufu kwenye droo za Bibi. Mashali, soksi, na zile chupi zake ndefu za baridi, ambazo, niseme wazi, kila moja inatosha gilasi tatu. Nimezifunga zote sita, nikakaa nazo kabatini, taa ya mafuta miguuni.

Hapo ndipo Lobke alipoingia kuniletea maandazi ya Mwaka Mpya, yenye zabibu na sukari ya unga. Alisimama akanitazama mimi, gilasi, na zile chupi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha naye akaingia kabatini, tukala maandazi magoti yakigusana, na akaniambia, bila kunitania safari hii, kwamba Bibi Krismasi nzima alikaa ameutazama mlango.

Nikasema, mwambie sita zimeokoka.

“Mwambie mwenyewe,” akasema.

Alhamisi, 11 Januari

Barafu. Ghalani vidole havina habari na mimi.

Ijumaa, 19 Januari

Barafu. Kaniulizia.

Jumamosi, 27 Januari

Zimetoka! Chipukizi zina urefu wa kidole cha kati, kitako cha ua kimeshapanda juu ya shingo ya kitunguu, unakihisi ukibana kwa vidole viwili. Ndivyo Bibi alivyonifundisha kupima. Nimekata kofia sita kwenye karatasi ya buluu ya mifuko ya sukari, nimezipanga dirishani, nimefua pazia. Usiku kucha nimechochea jiko.

Mtaa umeona. Mama Duivestein wa pembeni kasimama na baiskeli yake, kanigongea kioo, kaonyesha kidole juu. Nyumba hii ina mwenyewe, na sasa kila mtu anajua.

Jumamosi, 3 Februari

Mtu wa chama cha nyumba kaja na futi. Kapima jikoni, kapima sebule, kafika dirishani akasimama.

“Niliambiwa nyumba inahamwa,” akasema.

Nikamwuliza, tangu lini watu wanaohama wanaweka hayasinti. Naye ni mtu wa hapahapa, mama yake bila shaka anazo dirishani. Akakunja futi lake taratibu. Akasema yeye anafuata tarehe tu, na tarehe ni ishirini na nane. Nikamwambia aje siku hiyo anuse.

Shangazi Riet alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nilitegemea anichape kwa maneno. Kaniambia tu kwamba nimekonda.

Alhamisi, 8 Februari

Kofia zimeanza kupanda. Kila asubuhi ziko juu zaidi ya jana, kama wanakwaya wanaosimama mmojammoja. Mama Duivestein kasema kesho nivue. Nimesema kofia hazivuliwi.

Jumapili, 11 Februari

Watu wanaotoka kanisani wanasimama dirishani. Kofia moja imeinama kama imelewa. Mama Duivestein, Lobke, hata muuza maziwa, wote wimbo mmoja: vua, zimepita, zinakosa mwanga, zitaanguka. Najua. Mimi ndiye mwenye vidole. Lakini Bibi alisema atavua mwenyewe, na alisema atavua hapa. Nikizivua mimi, basi nimekiri haji.

Kofia hazivuliwi.

Jumatano, 14 Februari

Theluji imerudi na hasira. Imejaa mpaka kwenye vizingiti, mabasi hayaendi, ghala limefungwa. Asubuhi Lobke alikuwa anarudi kutoka zamu, nyusi zake nyeupe. Hakubisha hodi, aliingia na theluji yake mpaka sebuleni.

“Nitasema mara moja, halafu nikalale,” akasema. “Hapandi ngazi. Tangu Krismasi anakataa mazoezi. Jana yule wa mazoezi kamwambia, Mama Neeltje, usipopanda nyumba inakwenda. Unajua kamjibu nini? Kasema, nipande nikafike kwa nani, mjukuu ameshanisahau.”

Nilianza kumweleza habari ya kiti cha wageni. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikieleza, nikanyamaza katikati.

Nilimwaga maji, nikafunga gilasi sita kwenye sufu, kofia zikiwa kichwani, nikazipanga ndani ya kreti juu ya kile kibao changu cha utotoni cha kuteleza thelujini. Kufika kona, upepo ukanisukuma nyuma pamoja na mzigo. Shangazi Riet alikuwa anatoka kwake, kajifunga skafu mpaka machoni, na mfuko wa nguo safi mkononi. Akaweka mfuko juu ya kreti, akashika upande wa pili wa kamba, tukavuta. Njiani sikuuliza mfuko ni wa nani. Nilikuwa nimeshaelewa. Kila jioni, tangu Novemba, baada ya kazi. Jumamosi, kama Bibi alivyoniambia baadaye, anamwosha nywele. Hapo ndipo pale pa kwenda pa Krismasi, na hayo ndiyo macho mekundu ya siku ya matofaa, na mimi nimemwita mwenye shoka.

“Shangazi,” nikasema kwenye upepo, “yale matofaa…”

“Vuta,” akasema.

Mlangoni sista alisema maua yenye harufu hayaruhusiwi vyumbani, yanawaumiza wazee vichwa. Nikamwuliza maua yako wapi, anaona maua? Kofia hizi. Tukapita.

Bibi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mdogo. Sikujua mtu anaweza kupungua hivyo. Alinitazama, kisha akazitazama gilasi nilizokuwa nazipanga mezani na kuzijaza maji.

“Umerefuka,” akasema. “Nazo vilevile.”

Alinyoosha mkono akavua kofia ya kwanza. Majani yalikuwa ya manjano, marefu kama tambi, na ua halikuwa buluu wala jeupe, rangi ya mtu aliyeugua. Halikubaki wima hata dakika. Likaanguka upande, kichwa kikaning'inia ukingoni mwa meza. La pili hivyohivyo. La tatu. Alizivua zote sita, bila haraka, akizilundika kofia mapajani. Chumba kikajaa harufu. Harufu haikujua kama maua yameharibika.

“Wiki nzima zimepita,” akasema.

“Ulisema utavua mwenyewe.”

“Nilisema. Na wewe ungekuja ukaniambia, Bibi, zimefika, ningekwambia vua.” Akalikunja pembe la kofia moja, akalikunjua. “Ungekuja hata na gilasi tupu, mume wangu mdogo.”

Nikaziokota kofia mapajani mwake, moja moja, bila papara. Andika hilo, daftari, halitokei mara nyingi.

Shangazi alitoa sindano za kufumia, tukazichomeka kwenye vitunguu na kufunga maua kwa uzi wa sufu yasimame. Kisha nikazipanga dirishani, nyuso zikitazama kitandani ili ayaone.

“Si hivyo,” Bibi akasema. “Ua linatazama barabarani. Watu wajue hapa anakaa nani.”

Nikajifanya kiziwi. Nikasema yanapendeza hivihivi.

“Krijn. Yageuze.”

Nikaanza kupiga mluzi.

Basi akaweka mikono kwenye mikono ya kiti, akasukuma. Shangazi aliinuka, nikamkanyaga kiatu asiende. Bibi alisimama, akashika meza, akashika kitanda, akashika ukingo wa dirisha. Akazigeuza, moja baada ya nyingine, zote sita, huku akinitukana mimi, baba yangu, na shule iliyonifukuza kabla haijanifunza heshima. Nje hapakuwa na mtu hata mmoja. Theluji tu.

Jumapili, 18 Februari

Ngazi nne. Akashuka, akadai kahawa.

Jumamosi, 24 Februari

Ngazi saba. Sista kasema saa za wageni ni nane hadi kumi mchana. Mimi naingia kwa mlango wa jikoni, Malkia wa Uji ananifungulia. Mimi si mgeni wa mtu.

Jumatano, 28 Februari

Leo Bibi kapanda ngazi tisa. Zetu ni kumi na tatu. Angepata wiki nyingine tatu angezimaliza, hilo hata yule wa mazoezi kalisema. Mtu wa chama kafuata tarehe. Nilimkabidhi funguo mwenyewe, na kabla hajaondoka nilimlazimisha ainame anuse kabati la chini ya ngazi. Kasema hasikii kitu. Watu wengine wana pua za kupambia uso.

Ninaandika darini, cherehani ubavuni. Shangazi kahamisha masanduku ya Krismasi, kanitundikia pazia. Maua yamekauka, na vitunguu sita vimelala kwenye beseni chini ya kitanda. Kila mtu anasema kitunguu kilichochanua kwenye maji kimekwisha, tupa. Sitatupa. Udongo ukilegea nitavifukia bustanini kwa Shangazi, vipumzike mwaka, mwaka na nusu, kisha waje waniombe radhi kwa foleni. Bibi naye anasema anaendelea na ngazi, nyumba iwepo isiwepo. Anataka kuja kuona ninalala wapi, na dari hii inapandiwa kwa ngazi mbili nzima, ya chini na ya juu.

Matofaa hayakuharibu kitu. Barafu ilichukua gilasi moja tu. Kofia zilichelewa, ni kweli, lakini kofia si kitu, ni karatasi ya sukari.

Tarehe 12 Novemba niliandika humu kwamba sikwenda popote. Nilikwenda. Nilifika nyumba ya wazee na machungwa hadi mlango wa chumba cha Bibi, una kioo kidogo, nikachungulia. Alikuwa amelala mdomo wazi, meno yake kwenye gilasi ya maji, na mkono juu ya blanketi ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikayaacha machungwa sakafuni, nikakimbia. Yale mengine yote, habari ya kiti cha wageni na kwamba pale si kwake, niliyatunga njiani kabla sijafika daraja.

Niliogopa.